Nyuzi 69 sikuzipata mezani

Kontena langu la steshenari liko Ng'ong'ona, upande wanaotokea wanafunzi wa CIVE, kile chuo cha informatiki cha Chuo Kikuu cha Dodoma. Nililifungua mwaka 2018 nikiwa na printa moja, mashine ya fotokopi ya mtumba, na laptopu, nayo ya mtumba, yenye hadidiski ya zile za sahani zinazozunguka: gigabaiti 500, mizunguko 5,400 kwa dakika. Aliyewahi kufanya kazi ndani ya kontena hahitaji maelezo. Ni sanduku la chuma. Asubuhi ya mwezi wa sita unaingia na koti na vidole vinagoma kuchapa. Saa nane mchana ya mwezi wa kumi ukiegemea ukuta wa magharibi unaruka.

Joto letu si la Dar es Salaam, lile la kulowesha shati. Letu ni kavu. Tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku kunapoa, mvua tunaiona kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi mingine yote ni upepo na vumbi jekundu. Futa meza saa mbili asubuhi, ikifika saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Oktoba 2019 ndipo laptopu ilipoanza kuniaibisha. Mteja amesimama na flashi mkononi, foleni iko nyuma yake, mimi nimebofya faili na faili halifunguki. Kishale kinazunguka tu. "Dada, imeganda?" Nasema hapana, inafikiri. Kiganja changu cha kushoto, pale ninapokilaza nikichapa, kilikuwa kinahisi kama kimewekwa juu ya kikombe cha chai. Pale chini ndipo diski ilipokaa.

Hilo la mahali diski ilipokaa nililichukulia kijuujuu, kumbe nusu ya jibu lilikuwa hapo. Feni ya laptopu yangu ilikuwa kona nyingine kabisa, imeshikana na prosesa. Haikuwa na habari na diski. Diski yenyewe haili umeme mwingi, wati mbili hivi ikiwa kazini, wakati prosesa jirani yake inakula wati 15 na kuendelea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya joto lililokuwa linanichoma kiganja diski haikulizalisha. Ililetewa: na prosesa, na betri inayochajiwa, na meza, na kontena. Mimi nikawa naihukumu diski kama mtoto aliyekutwa na kesi ya mwenzake.

Kabla ya kuyajua hayo nilitibu. Na nikisema nilitibu, elewa kwamba kila mtu aliyeingia kununua karatasi aliacha dawa yake.

Dawa ya kwanza ilikuwa nzuri na ilikuwa ya bure: vizibo vinne vya soda chini ya laptopu, kimoja kila kona, hewa ipite. Nilishangaa. Nyumbani nilikuwa na tabia ya kuilaza kitandani juu ya blanketi au kuipakata nikiangalia tamthilia, na nadhani jina lenyewe linatuponza. Tumeambiwa ni kompyuta mpakato, nasi tunaipakata kama mtoto, kumbe mapaja na kitenge vinaziba matundu yote ya chini inakovutia hewa.

Dawa ya pili ilinitia hasara. Nilisikia vumbi linapulizwa kwa upepo wa nguvu, nami wapi nilijua kuna upepo wa nguvu? Kwa fundi pancha. Kijana akaniangalia, akaiangalia laptopu, akaniambia, "Dada, huu upepo unatoa hata msumari." Nikaona ndio huohuo. Tulipoupeleka kwenye matundu, feni ikalia kama helikopta, vumbi likatoka kweli, wingu zima, na nyuma ya vumbi yakatoka maji. Matone ya rangi ya kutu. Tenki la kompresa hukusanya maji chini, kila mtu wa gereji analijua hilo isipokuwa mimi. Nilikimbilia kutoa betri, nikaiacha siku mbili kivulini imefunguliwa kama kitabu. Iliwaka, Mungu ni mkubwa, lakini feni ikabaki na mlio wa kukwaruza ambao haukuisha mpaka nilipoibadilisha. Baadaye ndipo fundi alinifundisha kwamba ukipuliza, hata kwa kablowa kadogo, feni unaishika isizunguke, kwa kijiti au ncha ya kalamu. Ikizungushwa kwa kasi isiyo yake inaharibika beringi.

Ya tatu sikuifanya, namshukuru jirani yangu anayeuza soda. Nilimwomba nafasi kwenye friji lake, dakika kumi tu, laptopu ipoe. Akacheka mpaka akakaa. "Mwanangu, chupa zangu nikizitoa humo zinatoka jasho. Hako kamashine kako hakatatoka?" Yule mama hajawahi kushika kompyuta, lakini alijua fizikia ya siku ile kuliko mimi.

Ya nne niliifanya kwa siri na ilionekana ya kitaalamu: niliingia kwenye mipangilio ya umeme nikaweka diski izimike kila isipoguswa kwa dakika moja. Joto lilishuka kwa nyuzi mbili. Ila sasa kila mteja akichomeka flashi, diski inaamka kwanza, krrr, tunasubiri. Na nilipokuja kujua kusoma hesabu za diski niliona ile ya kuegesha vichwa, vile vinavyosoma sahani, inapanda kwa mamia kila siku. Diski nyingi za laptopu zimekadiriwa kubeba kama mara 600,000 za kuegesha vichwa, na kule kusimama na kuanza kuzunguka upya kunachosha mota. Nilikuwa nanunua nyuzi mbili kwa umri wa diski. Nikarudisha dakika 20 kama ilivyokuwa.

Aliyenitoa gizani ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mteja wa fotokopi za madeni. Alilipa deni lake kwa kuniwekea CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe: imewaka saa ngapi, imewashwa mara ngapi, ina sekta mbovu ngapi, yaani vile vipande vidogo vya kuhifadhia data, ina joto kiasi gani sasa hivi. Siku ile saa nane mchana iliandika 57. Akaniambia watengenezaji wengi wa diski za laptopu huweka mwisho wa kazi nyuzi 60. "Kwa hiyo inakufa?" nikamuuliza. "Sijui dada. Wewe andika kwanza."

Nikaandika. Nilichukua kauntabuku, nikatundika kipimajoto cha plastiki ukutani, nikawa naandika mara tatu kwa siku: joto la kontena, joto la diski. Wiki ya kwanza nilikuwa naogopa mchana na kufurahi asubuhi, basi. Wiki ya pili nikaona kitu. Asubuhi kontena 19, diski 35. Mchana kontena 38, diski 55. Jioni 29 kwa 46. Ukitoa moja kwenye nyingine, kila mara inabaki 16 au 17.

Hapo nilikaa chini. Diski yangu haikuwa na joto lake la mchana na lake la asubuhi. Ilikuwa inapanda juu ya mgongo wa chumba, nyuzi 16 juu ya chochote kitakachokuwepo. Kumbe namba ya kuangalia ni ile tofauti. Joto la diski peke yake linanieleza habari za jua, nami jua naliona kwa macho. Tofauti ndiyo inayonieleza habari za laptopu.

Na ilinieleza. Baada ya wiki tatu za upepo ule mbaya, kazi ileile, vizibo vilevile, tofauti ikawa 19, kisha 21, kisha 23. Asubuhi moja diski ilisoma 42 tu, namba ambayo yeyote angesema ni nzuri, lakini kontena lilikuwa 19. Zamani ningeipita. Nikampelekea fundi wa mjini, karibu na soko la Majengo, akafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na zile sahani za shaba za kupoozea kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, chekundu, kimeshonana. Alikibandua kwa kibano kikatoka kizima. Akafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, ilikuwa imekauka kama chokaa, akapaka mpya punje moja ndogo. Kesho yake tofauti ikawa 15. Diski haikuguswa, amepoozwa jirani yake.

Huyo fundi nina neno naye dogo. Alipomaliza alibandika kibandiko chake cha waranti juu ya diski, na akakibandika juu ya tundu. Diski za sahani zina tundu dogo la kupumulia, lenye kichujio ndani, ili hewa ya ndani na ya nje zilingane presha. Nyingi zimeandikwa kabisa pembeni ya tundu kwamba lisizibwe. Vichwa vinavyosoma vinaelea juu ya sahani kwa hiyo hewa, kwa umbali wa nanomita chache, na katika mji unaotoka nyuzi 16 alfajiri hadi 38 ndani ya kontena, diski inahitaji kupumua kuliko kwingine. Nilikibandua nikiwa kwenye daladala. Waranti ikafa, sawa.

Sasa ile 69.

Yule mwanafunzi alirudi mwezi wa kumi na moja, akaifungua programu, akashuka mpaka mstari ulioandikwa BE. Diski za aina yangu huandika hapo 100 ukitoa joto, na safu ya pembeni, ile ya "worst", huhifadhi hali mbaya kuliko zote tangu diski izaliwe. Ilisoma 31. Akapiga hesabu. "Dada, hii imewahi kufika 69."

"Lini?"

"Haisemi lini."

Nilipekua kauntabuku yote. Kubwa kuliko zote ilikuwa 58. Kwanza nikajitetea: laptopu ni ya mtumba, labda ilifika 69 huko ilikotoka. Inawezekana. Halafu nikashuku kontena likiwa limefungwa Jumapili, lakini laptopu sikuwa nailaza humo, kwa hofu ya wezi naenda nayo nyumbani. Na hata ningeilaza, diski iliyozimwa haijipimi. Ili iandike 69 lazima iwe imewaka, tena mahali pabaya kuliko kontena la chuma mwezi wa kumi. Dodoma mahali hapo ni wapi?

Nilipapata jioni moja nyumbani Nkuhungu. Njia yangu ilikuwa bodaboda mpaka barabarani, daladala mpaka mjini, nyingine mpaka Nkuhungu, saa nzima na zaidi. Nilikuwa nafunga mfuniko tu, laptopu inalala bila kuzimwa, naiviringisha kitenge kuikinga na vumbi, kisha naiingiza kwenye begi lenye sponji. Jioni hiyo nilitia mkono kutoa kitenge nikautoa upesi. Ilikuwa kama kikaango cha chapati. Feni inalia humo ndani, inavuta hewa ya kitenge na kuirudishia kitenge. Mfumo ulikuwa umejiamsha wenyewe kushughulikia masasisho, tukiwa labda hata mjini hatujafika.

Niliifungua hapohapo, nikasoma mstari wa BE. Safu ya worst haikuwa 31 tena. Ilikuwa 29.

Nyuzi 71, ndani ya kitenge nilichokinunua mimi, kwa mikono yangu, kwa nia ya kuitunza.

Tena joto lilikuwa nusu ya habari. Muda wote huo diski ilikuwa inazunguka, vichwa vinaelea nanomita chache juu ya sahani, na bodaboda inaruka mashimo ya Ng'ong'ona. Mstari wa C5, ule wa sekta zinazosubiri kuhukumiwa, ambao Oktoba ulikuwa sifuri, ulisoma 18. Nikasema kumi na nane, afadhali. Mwanafunzi wangu akanisahihisha kwamba programu ile huandika hesabu hizo kwa mfumo wa namba wa kumi na sita, si wa kumi, usipobadilisha, kwa hiyo 18 yake ni 24 yetu. Ripoti ya utafiti ya msichana mmoja ilikuwa imekaa juu ya mojawapo ya sekta hizo. Ilifunguka nusu, ukurasa wa 40 ikakata. Alikuwa amejitumia nakala kwenye barua pepe yake. Bila hivyo sijui ningemwangalia vipi.

Wiki hiyo nilinunua diski ya nje nikaanza kunakili kila jioni kabla ya kufunga, na laptopu nikawa naizima, kuzima kabisa, nasubiri taa zote zife, ndipo naiingiza begini. Bila kitenge.

Kuna jambo lilinikera kidogo. Mwanafunzi yuleyule aliniletea habari ya watafiti wa Google waliochapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Walitarajia joto liwe muuaji, wakakuta sivyo: diski zilizokuwa baridi sana ndizo zilizoharibika zaidi, na joto lilionekana kuumiza pale tu lilipokuwa kubwa sana na hasa kwa diski zilizopita miaka mitatu. Nikamwambia, basi kauntabuku yangu yote ni ya bure? Nilipotulia niliona wale walizungumzia diski zilizokaa vituo vya data, zimefungwa kwenye fremu, haziruki mashimo. Yangu ilikuwa ya mtumba, imepita miaka mitatu, imefika 71. Ilikuwa kundi lile dogo lililoumia. Ila ni kweli waliniondolea woga mmoja: 48 au 50 ya mchana wa Dodoma sikuiwekea tena kilio. Kelele nilianza kuzipiga ikifika 55. Hapo nasimamisha skani ya antivirasi, inayofanya diski na prosesa vihangaike pamoja, natoa chaja kama betri imejaa, nawaambia wateja wanipe robo saa.

Kontena lenyewe ndilo lililonipa nyuzi nyingi kuliko dawa zote. Fundi wa kuchomelea alinikatia matundu mawili ya nondo na wavu, moja chini upande wa mashariki, jingine juu kabisa upande wa pili, joto lipate pa kutokea. Paa nikalipaka rangi nyeupe, na juu yake tukainua kivuli cha miti na nyasi, kimeachana na bati kama shubiri mbili ili hewa ipite katikati. Meza nikaihamisha kutoka ukuta wa magharibi. Oktoba iliyofuata, mchana uleule wa saa nane, kipimajoto kilisoma 33 badala ya 38. Diski 48. Tofauti 15, kama kawaida yake. Wateja nao walianza kukaa ndani badala ya kusubiri chini ya mti, kwa hiyo wakanunua na peni.

Diski ile niliitoa mwaka 2021. Haikufa, niliistaafisha sekta zilipoanza kuongezeka, nikaweka SSD, isiyo na sahani wala vichwa. Hiyo mashimo haiiumizi. Joto bado linaihusu, ila linaingia kwa njia nyingine, na zile za kasi kubwa zikipata joto hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Nikiinunua nilidhani nimeachana na kauntabuku. Lakini feni ni ileile, vumbi ni lilelile, na prosesa haijui kama jirani yake kabadilishwa.

Kwa hiyo bado naandika, siku hizi mara moja tu, saa nane. Jirani yangu wa soda ameshaizoea ile kazi, na akiniona nimesimama mbele ya kipimajoto huuliza kutoka kwenye kibanda chake, "Leo ngapi?" Zamani nilikuwa namtajia joto la diski. Jana nilimwambia kumi na nane. Akasema mbona imepanda, nikamwambia upepo wa wiki hii, Jumamosi nitaifungua niitoe vumbi. Akaniuliza kama nitaipeleka tena kwa fundi pancha.